Pembeni Hapa Hakuna Breki

Jumatatu, 17 Machi 2025

Masika imeingia leo kwa kishindo. Barabara ya Pongwe ilijaa maji, na mwanafunzi wangu mpya alipoliona dimbwi la kwanza akafumba macho. Akiwa kwenye usukani! Anaitwa Consolata, Mbondei wa Muheza, anafuga kuku hapo Pongwe. Amenunua pikapu ya kupelekea mayai mjini lakini hajui kuiendesha, na kuku wameanza kulala kwenye bodi.

"Mwalimu, nifundishe upesi, kabla hawajaangua humo ndani," aliniambia.

Nimempenda. Nikampa somo la kwanza ninalowapa wote kabla hawajagusa ufunguo: kuendesha ni mwili kukutii. Ukiwa na ugonjwa unaokunyima macho, fahamu, mkono au mguu, sheria inakutaka useme, daktari akupime, na ukae mbali na usukani mpaka uruhusiwe. Akaitikia "Ndiyo mwalimu" kama yumo kanisani.

Jioni nikatoka kwa Idarusi, mwenye shule yetu ya udereva, nikienda nyumbani kuandaa futari. Njiani jirani akaniita: "Nasra, ndala yako nyingine iko wapi?" Nikatazama chini. Mguu wa kulia ulikuwa mtupu. Nikarudi nyuma nikaikuta imenasa kwenye tope, mbali kabisa. Nilikuwa nimetembea mwendo wote ule bila kujua. Tukacheka. Nikasema ni saumu.

Jumamosi, 22 Machi

Sicheki tena.

Nilikuwa nimechuchumaa jikoni nakaanga sambusa. Nikasikia harufu ya nyama inaungua, nikadhani ni sambusa, nikazigeuza. Harufu ikazidi. Yakoub, mume wangu, akapita mlangoni akapiga ukelele: "Nasra! Mguu! Mguu wako!"

Kaa la moto lilikuwa limeanguka juu ya mguu wangu wa kulia, limekaa pale, ngozi inatoa moshi. Nikalipangusa kwa upawa. Sikuhisi kitu. Yakoub akanimwagia maji, analia yeye, mimi natazama tu kama natazama mguu wa mtu mwingine.

Pembeni ya kidonda kuna baka limepauka, kubwa kama jani la mkungu. Sijui limeanza lini. Nilidhani ni utango, ule ugonjwa wa ngozi wa kawaida.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Mvua. Pilau. Kidonda kinakauka, hakiumi hata kidogo, na hicho ndicho kinachonitisha.

Alhamisi, 3 Aprili

Binti yetu Khairat ana miaka minane na ulimi wa kasuku. Leo alikuwa anatembea ukumbini akipigiza mguu mmoja chini: pwata, pwata, pwata. Nikamuuliza anacheza nini. "Nakuiga wewe, mama. Ndivyo unavyotembea."

Nikamwambia aache. Kisha nikatembea mwenyewe kutoka mlangoni hadi dirishani, nikasikiliza. Pwata. Pwata.

Jumanne, 8 Aprili

Nitaandika yote.

Kwa asiyelijua gari la kufundishia, mwalimu hukaa kushoto, mwanafunzi kulia kwenye usukani. Lakini chini ya miguu ya mwalimu kuna breki ya pili. Hiyo ndiyo roho ya kazi yetu. Mwanafunzi akipotea, mwalimu anakanyaga. Mimi nimekanyaga breki ile miaka kumi na moja, nimeokoa mbuzi, kuta, na mara moja harusi nzima.

Leo Consolata alikuwa anatoka Pongwe kuja mjini. Manyunyu, lami inateleza. Anaendesha vizuri, hata anaimba. Mbele yetu mzee mmoja kwenye baiskeli amebeba majani ya ng'ombe, mzigo mkubwa kuliko yeye, ameshika upande wake. Akataka kukwepa shimo, akaingia barabarani mbele yetu.

Consolata akaganda. Ndivyo wanavyofanya wanafunzi, hawalaumiki. Mikono ikakauka kwenye usukani, mguu ukabaki kwenye mafuta.

Nikanyanyua mguu kukanyaga breki. Yaani niliamuru unyanyuke. Kisigino kilipanda, lakini vidole havikunyanyuka, vikaenda mbele vikaingia chini ya pedali na kunasa pale. Nikasukuma. Nasukuma kwa nguvu zangu zote, na gari linakwenda. Nikatazama chini. Mguu wangu ulikuwa unasukuma sakafu.

Sijui niliishika vipi hendibreki. Nakumbuka gari linazunguka, majani yanatua kwenye kioo, giza la kijani kibichi, na Consolata anapiga kelele za kumwita Mama Maria. Likasimama limekingama barabarani.

Nikafungua mlango nikaanguka. Mzee alikuwa amekaa kwenye tope, baiskeli imepinda gurudumu, damu inamtoka kiwikoni. Yuko hai. Nikamshika mabega: "Shikamoo babu, umeumia wapi? Babu, umeumia?"

"Marahaba," akasema, akanitazama kwa mshangao mkubwa. "Mwanangu, mbona hukufunga breki?"

Tukampeleka zahanati kwa bajaji, wakamfunga kiwiko, wakamwacha aende. Anacheka mwenyewe, anasema majani yamemwokoa, ameanguka kama kwenye godoro.

Jumatano, 9 Aprili

Idarusi alikuwa ameshaamua kabla sijafika. Alimsimamisha Consolata mbele ya wenzake.

"Wewe utalipa baiskeli, na masomo unaanza upya. Mtu anaona baiskeli, anakanyaga mafuta?"

Consolata akainamisha kichwa. Alikuwa anaamini kabisa kwamba angemuua mzee wa watu.

"Si yeye," nikasema. "Mwanafunzi anaganda, ndiyo maana mimi niko pale. Breki ya mwalimu haikufungwa. Mguu wangu haunitii."

Idarusi akanivuta pembeni. Si mtu mbaya. Ana magari mawili tu, na mimi ndiye mwalimu wanawake wanayemtaka. "Nasra, usiseme maneno hayo mbele za watu. Ni mguu tu. Bandika dawa, pumzika siku mbili tatu. Gari nitakuachia nyumbani kama kawaida. Ukijisikia vizuri, endelea."

Gari liko uani sasa, limelowa, kibao cha L kinaning'inia. Nimeuficha ufunguo chini ya godoro kama mtu afichaye kisu.

Alhamisi, 10 Aprili

Nilikwenda hospitali nikiwa na uhakika ni kisukari. Marehemu mama alikuwa nacho. Wakanitoboa kidole, wakasoma, wakasema sukari yangu ni safi. Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Daktari hakushukuru. Alikuwa anatazama lile baka.

Ni kijana, anaitwa Tahiri, mpole. "Mama, fumba macho. Nikikugusa kwa pamba, onyesha kwa kidole mahali nilipogusa." Nikafumba. Nikasubiri. Nikasubiri sana, mwishowe nikamwambia, "Daktari, anza basi."

"Nimeshamaliza, mama."

Akapapasa pembeni ya goti langu, chini kidogo, akakuta mshipa wa fahamu umevimba kama kamba ya katani. Akanitaka ninyanyue vidole vya mguu kisigino kikiwa chini. Mguu wa kushoto ukatii. Wa kulia ukalala. Akanikagua na mikono, akanitaka nikunjue kidole cha mwisho. Hicho ni kizima. Kisha akaniongoza kwenye ukumbi hadi chumba cha mwisho, na mimi nikasoma maandishi juu ya mlango kabla hajafungua. Kifua kikuu na ukoma.

"Sina kikohozi," nikamwambia. Mungu wangu. Nilisema hivyo. Sina kikohozi, kwa hiyo tumekosea mlango.

Akaniketisha. Akalitaja neno waziwazi, ukoma, bila kunong'ona. Akasema upo bado huku pwani, wengi hawaujui mpaka umewatafuna. Akasema unapona, dawa ni bure, na nikishaanza kumeza siambukizi mtu. Unakula mishipa ya fahamu, na wangu wa mguu umeanza kufa, lakini ni wa miezi michache, kwa hiyo atanipa vidonge vingine vya kutuliza uvimbe. Huenda mguu ukarudi. Huenda. Na wote walioishi nami nyumba moja, waje wapimwe.

Nilikuwa nasikia sauti yake kama mtu aliye chini ya maji. Nikauliza swali moja tu: "Nitaendesha?"

"Sasa hivi, hapana. Hata gari dogo, hata kwenda dukani. Mguu wa kulia ndio mafuta na breki. Ukirudi, tutakupima, nitaandika, na watu wa leseni watakupima barabarani. Usiporudi, kuna magari yanayobadilishwa pedali, nayo yana taratibu zake. Lakini sasa hapana."

Ni maneno yangu mwenyewe ya siku ya kwanza. Sikujua yanaumiza hivi.

Ijumaa, 11 Aprili

Mkojo mwekundu. Nilipiga yowe chooni, Yakoub akataka kuvunja mlango. Kumbe ni dawa, daktari alishaniambia, katika yale maneno ya chini ya maji.

Basi ikabidi nimweleze Yakoub, kupitia mlango. Nilimwambia neno lenyewe. Nilipofungua, hakuwepo.

Jumapili, 13 Aprili

Yakoub analala sebuleni. Anasema kuna joto chumbani. Mvua inanyesha siku nzima, watu wanajifunika mablanketi, na yeye anasikia joto.

Alhamisi, 17 Aprili

Yakoub amemwambia mama yake. Bi Mboni ametoka Pangani leo na mvua yote, amevaa baibui lake jeusi, hakuketi. Huyu ndiye aliyekuja kunilea nilipojifungua Khairat, akakaa nasi miaka minne, akamwogesha mtoto kwa mikono yake. Nikasema, "Shikamoo mama." Akaitika akiwa mlangoni.

"Shule zimefunga. Nimekuja kumchukua mjukuu wangu."

"Mama, daktari anataka Khairat apimwe. Nami nimeshaanza dawa, siambukizi..."

"Daktari ni mtoto wa juzi. Mimi nimeona watu waliougua ugonjwa huo. Nimeona walivyotengwa." Akamgeukia Yakoub. "Mfungie nguo zake."

Na Yakoub akazifunga. Alizikunja vizuri kabisa, gauni moja moja, akaziweka kwenye mfuko. Nilikuwa nimesimama pale nikimwangalia mume wangu akikunja nguo za mtoto wangu, na sikuamini macho yangu. Khairat aliuliza kama mimi siji. Bi Mboni akamshika mkono, wakatoka mvuani.

Ijumaa, 18 Aprili

Simu ya Bi Mboni imezimwa. Yakoub anasema mtandao.

Jumamosi, 19 Aprili

Asubuhi Yakoub alikuwa ameshakwenda kazini bandarini. Simu ikalia, namba nisiyoijua. Ni Khairat, kaazima simu kwa jirani wa bibi yake. Analia kwa kwikwi.

"Mama, bibi amesema sirudi tena. Amesema nitasoma huku. Mama, wewe utakufa?"

Simu ikakatika. Nikapiga, haipokelewi.

Nikainua godoro nikatoa ufunguo. Sikufikiri. Nikatoka na kanga yangu, mvua inanipiga, nikaingia kwenye gari nikawasha. Tanga hadi Pangani naifahamu kama kiganja changu, Tongoni, Kigombe, nimefundisha njia hiyo mara ngapi. Nikasema nitakwenda polepole. Nikasema Mungu ataniona. Nikasema yote wanayosema watu wakitaka kufanya jambo wanalojua ni haramu.

Nilikuwa nimeshaweka gia. Lakini mazoea ni mazoea. Kabla ya kutoka huwa namtaka mwanafunzi apime breki akiwa amesimama. Nikapima. Nikaikanyaga. Nikarudisha mguu kwenye mafuta, kisha tena breki. Vidole vikaingia chini ya pedali vikanasa. Ninavuta, havitoki. Ikabidi niuinamie mguu wangu na kuutoa kwa mikono yote miwili, kama mtu anayetoa kiatu kilichokwama. Kichwa kiko chini ya usukani, gari linanguruma. Ingekuwa niko Kigombe, saa hiyo watoto wanavuka.

Nikalala juu ya usukani nikalia.

Mtu akagonga kioo. Consolata, na trei ya mayai chini ya mwavuli. Alikuja kunijulia hali, tangu siku ile hatujaonana.

"Mwalimu! Unakwenda wapi na mguu huo?"

Nikamweleza. Sikuficha neno, hata lile. Nilimtazama usoni nione atarudi nyuma. Hakurudi. Aliyaweka mayai chini barazani, akafungua mlango wangu.

"Sogea. Naendesha mimi. Nina kibali cha kujifunza, wewe una leseni, utakaa pembeni kama siku zote. Sheria inaturuhusu."

Nilitaka. Wallahi, nilitaka sana. Nikaanza hata kusogea. Kisha nikamwona tena yule mzee kwenye tope.

"Sheria inataka pembeni pawe na mtu wa kufunga breki," nikamwambia. "Consolata, pembeni hapa hakuna breki."

Akautazama mguu wangu. "Basi twende kituo cha mabasi. Mayai watakula majirani."

Nikazima gari. Nilipotoa ufunguo, nilihisi kama nimeukata mkono. Tukapanda basi la Pangani, na Consolata akanishika mkono njia nzima bila kusema neno, yeye ambaye hawezi kunyamaza hata akipiga mswaki.

Bi Mboni alikuwa uani, chini ya kibanda cha makuti, anapika wali wa nazi kwenye mafiga. Khairat akaruka kuja kwangu, lakini bibi yake akamwita kwa sauti kali, mtoto akasimama katikati, hajui aende wapi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa hapo hapo barazani. Nilikwambia mtoto atakaa kwangu."

"Nimekuja kumchukua apimwe. Akishapimwa, tutazungumza."

"Hutamgusa."

Akasema hivyo huku ameinama. Akalishika sufuria kwa mikono mitupu, pande zote mbili, wali unatokota, moto unalamba chini, akalinyanyua. Hakuharakisha. Alisimama nalo, akanigeukia, akaendelea kunisema: mara sikumheshimu, mara nimemletea mwanawe balaa. Anaongea na sufuria la moto mikononi. Consolata akashika mdomo.

"Mama," nikasema. "Hilo sufuria."

"Lina nini?"

"Halikuunguzi?"

Akalitua kwenye kata bila haraka. "Mikono yangu imezoea moto. Nimepika miaka hamsini. Hata kaa nalishika. Nyinyi wasichana wa siku hizi mna mikono ya pamba."

Nikaitazama ile mikono. Alama nyeupe za kuungua, mpya juu ya za zamani. Na kidole kidogo cha kulia kimejikunja ndani, na jirani yake anaanza kumfuata. Nilikuwa nimekiona kidole hicho miaka yote nikadhani ni uzee. Nikamkumbuka Daktari Tahiri akinitaka nikunjue kidole cha mwisho.

"Mama, nakuomba kitu kimoja, kisha nitaondoka. Nyoosha mkono. Fumba macho."

"Wazimu gani huu?"

"Bibi, fumba," akasema Khairat. "Ni mchezo."

Kwa ajili ya mtoto, akafumba. Nikasogea, nikakunja ncha ya kanga yangu, nikampapasa kidole kidogo. Nikampapasa kiganja upande wa nje, hadi kwenye kifundo cha mkono. Uso wake umetulia, anasubiri. Mvua inadondoka kutoka kwenye makuti.

"Haya," akasema. "Niguse basi, nina kazi."

"Nimeshakugusa, mama."

"Umenigusa lini?"

Akafumbua macho akaiona kanga juu ya kiganja chake. Akaitazama kanga. Akautazama mguu wangu na kidonda chake cha kaa. Sijawahi kuona uso wa mtu ukianguka namna ile. Akakaa chini kwenye udongo, palepale, na kanga zake safi.

Nilikuwa nimekuja kugombana. Njia nzima nilikuwa nimeyapanga maneno. Yote yakapotea.

"Nimelala naye kitanda kimoja," akasema kwa sauti ndogo. Akamtazama Khairat. "Kumbe nimemtoa kwako nikamleta kwangu." Kisha: "Nasra, ni mimi niliyekupa?"

"Daktari amesema hakuna ajuaye nani kampa nani."

"Mjomba wangu walimjengea kibanda peke yake. Chakula tulikuwa tunakisukuma kwa mti. Nilikuwa mtoto, mimi ndiye niliyekuwa nakisukuma."

Nikakaa karibu naye. Nikaupakua wali, nikaweka sinia moja, tukala sote wanne. Bi Mboni alikula kidogo, akitazama vidole vyake kila tonge, kama vimeletwa na mtu mwingine.

Alhamisi, 24 Aprili

Hospitali, ukoo mzima. Yakoub alifika amechelewa, akakuta mama yake amekaa kwenye benchi chini ya yale maandishi, kidonge mkononi. Alikuwa hajaambiwa, Bi Mboni alitutaka tumfiche mpaka siku hiyo. Akasoma mlango, akamtazama mama yake, akanitazama mimi. Akajiegemeza ukutani, akateleza taratibu hadi chini, mwanamume mzima.

Khairat ni mzima. Yakoub ni mzima. Wamepewa dawa ya kinga. Vidole vya Bi Mboni vilivyokunjika havitanyooka, amesema Daktari Tahiri, lakini vile vizima havitakunjika. Atakaa kwetu hadi amalize dawa.

Yakoub amerudi chumbani. Aliniomba radhi. Nimemwambia nimeisikia; kusamehe bado. Nataka nisimdanganye.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimemrudishia Idarusi ufunguo na nimemwambia ugonjwa kwa jina lake. Aliupokea kwa ncha ya vidole, akaona aibu, akaushika vizuri. "Waambie watu ni kisukari," akasema.

"Utawaambia wewe. Mimi nikiulizwa, sitasema hivyo."

Jumatatu, 5 Mei

Nilikwenda ofisi ya trafiki wanaoshughulikia leseni, na ripoti ya daktari mkononi. Yule afande alisoma, akageuza karatasi, akasoma tena.

"Nani amekuleta?"

"Nimejileta."

"Mama, humu ndani watu wanakuja kuficha jicho bovu. Wewe umekuja kujisema?"

Akaandika kwamba siendeshi mpaka nipimwe upya na daktari, kisha na wao. Akasimama kunifungulia mlango. Nilipofika nje nilishangaa: niliyeogopa kupoteza leseni nimetoka mwepesi.

Jumatano, 14 Mei

Mvua. Kila jioni Yakoub anakagua nyayo zangu na viganja vya mama yake, anatafuta vidonda tusivyovihisi, makini kama trafiki anayekagua matairi. Leo alikuta msumari kwenye soli ya kiatu changu. Ulikuwa umeshaingia nyamani. Nilikuwa nimeshinda nao.

Akaung'oa, akaniosha kidonda. Nikamshika kichwa. Nadhani nimeanza kumsamehe.

Jumanne, 27 Mei

Idarusi amenipa darasa la alama za barabarani. Mwanafunzi mmoja aliuliza hasa ninaumwa nini. Nikamjibu. Wawili waliondoka, waliobaki wakasogeza viti mbele.

Alhamisi, 5 Juni

Kliniki. Daktari alisema, "Nyanyua." Mguu ukalala. Akaandika kitu. Bi Mboni akamwambia, "Usiandike haraka, mwanangu, mwenzio anajaribu."

Alhamisi, 19 Juni

Consolata amefaulu! Alifanya mtihani na mwalimu mwingine pembeni, mimi nikiwa nimesimama mvuani kama mzazi. Afande alimsifu kwa kufunga breki mapema. Akaja mbio, akanikumbatia, matope yote.

Alhamisi, 3 Julai

Mvua zimekatika, asubuhi kuna ubaridi. Leo Consolata alitupeleka kliniki kwa pikapu yake ya mayai, ya milango minne. Bi Mboni alikaa siti ya nyuma na Khairat, mimi mbele, kushoto, mahali pangu pa siku zote, ila chini hakuna pedali, kuna zulia tu.

Tulipokaribia hospitali, mbuzi watatu wakaingia barabarani kwa mkupuo. Consolata akafunga breki vizuri kabisa, taratibu, bila kelele. Mbuzi wakapita. Akatia gia akaanza kuondoka.

"Simama," nikamwambia.

"Nimekosea wapi, mwalimu?"

"Simama pembeni."

Akaonyesha taa, akaegesha. Wote wakanitazama. Mimi nilikuwa natazama chini. Mguu wangu wa kulia haukuwa mahali nilipouacha. Ulikuwa umehamia mbele, umekanyaga zulia, palepale breki inapokuwa. Sikuuamuru, wala sikuuvuta kwa mkono. Ulikwenda wenyewe nilipowaona mbuzi.

Nikaurudisha. Nikatia kisigino chini. Vidole vikatetemeka. Kisha vikapanda, kidogo tu, vikaachana na zulia, mwanga ukapita chini yake.

Khairat alikuwa amening'inia juu ya siti. Consolata amefumba mdomo kwa viganja viwili. Bi Mboni akainama mbele, akaweka mkono wake wenye vidole vilivyokunjika begani kwangu, akautazama ule mguu kwa muda mrefu.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.